Puti Si Ufundi

Katika visiwa hivi, neno ufundi likitajwa mbele ya wapenzi wa utamaduni, mawazo hukimbilia mahali pale pale: mlango uliochongwa, jahazi lililo juu ya magogo, kofia ya viua, mkufu wa sonara. Vyote hivyo vinastahiki sifa, na waliovisifu hawakukosea. Kosa lipo katika yale yanayoachwa nje ya orodha. Hatua chache kutoka kwenye milango hiyo, chini ya mwembe au ubavuni mwa banda la mabati, pana mtu aliyechuchumaa na nyundo mkononi, anajaribu kuirudishia madigadi ya gari kuukuu umbo lake lililopotea. Mtu huyu haandikiwi makala, hapigwi picha ya kalenda, na mtoto wake akiulizwa skuli juu ya kazi ya baba yake, hujibu kwa sauti ya chini.

Hoja ya makala haya ni nyepesi kuitamka na nzito kuikubali. Madigadi ya gari kuukuu iliyogongwa ni skuli ya uhunzi iliyo kamili, na ni miongoni mwa skuli chache za chuma zilizobaki wazi kwa kijana wa visiwani asiye na ada wala cheti. Skuli hiyo inafungwa polepole, na wanaoifunga ni wawili: fundi anayelificha bonde la bati kwa puti badala ya kulinyoosha, na muungwana wa utamaduni anayeona kwamba yanayofanyika gereji ni kelele na mafuta machafu tu. Wawili hawa hawajuani, lakini wanafanya kazi moja.

Ianzwe na madigadi yenyewe, maana wengi wanaoidharau hawajapata kuitazama. Madigadi ni lile bati linalofunika gurudumu na kuzuia tope na mawe. Halibebi uzito wa gari. Likipasuka, gari bado litasimama na breki bado zitashika. Katika magari mengi ya zamani limefungwa kwa boliti, kwa hivyo huweza kufunguliwa, likalazwa chini na kutazamwa pande zote mbili. Hizi ndizo sifa za kitabu cha kwanza cha mwanafunzi: kosa lake halimuui mtu, na ukurasa wake hufunguka nje na ndani. Anayeanza kujifunza kwa chesisi au kwa usukani anajifunza juu ya roho za watu. Anayeanza kwa madigadi anajifunza juu ya bati.

Zaidi ya hayo, ndani ya bati hilo moja zimo karibu herufi zote za kazi ya chuma. Pana uso uliotandazika, pana mbinuko unaopinda huku na huku kwa wakati mmoja kama kifuu cha nazi, pana mfuo uliokandamizwa ili kulipa bati nguvu, pana matundu ya boliti, na pana ukingo uliokunjwa, ambao katika magari mengi ya zamani umeviringwa juu ya waya. Mwenye kuweza kuurudisha mbinuko, kuunyoosha ukingo na kuliziba tundu la kutu bila ya bati kujikunja, ameshapita nusu ya njia ya kuwa mhunzi wa bati, na kilichobaki ni miaka. Watoto wa Pwani walifundishwa herufi za Kurani juu ya ubao: mwalimu aliandika, mtoto akasoma, ubao ukaoshwa na kuandikwa tena. Bati la madigadi lina heshima ya namna hiyo. Hupigwa likakosewa, likapigwa tena, na kila kosa huonekana.

Somo la kwanza ni kuosha, maana nyundo ikipiga juu ya tope kavu na matabaka ya rangi za zamani hudanganywa. Kisha huja somo la kuangalia. Mwanafunzi huliinamia bati, jicho likiwa sambamba nalo, mwanga wa asubuhi ukipita juu yake kwa ubavu, na hapo mabonde na nundu hujitokeza kwa vivuli vyake. Baadaye hupitisha kiganja kizima, si ncha za vidole, kwa mwendo mrefu. Wengine huweka kitambaa chembamba baina ya mkono na bati, kwa kuwa mkono unaoteleza huhisi zaidi kuliko mkono unaokwama. Kiganja kilichozoea hugundua tofauti ambayo jicho halikuiona.

Somo linalofuata ni kuisoma ajali. Madigadi haibonyei yote kwa mara moja. Pana mahali palipoguswa kwanza na nguzo au ukuta, na pana mikunjo iliyofuata, ambayo haikuguswa na kitu bali ilizaliwa pale bati lilipotafuta pa kukimbilia. Mwanagenzi asiyefundishwa hukimbilia bonde kubwa la katikati na kulipiga kwa ghadhabu. Fundi huanza kinyume: kilichokuja mwisho ndicho hutangulizwa kutoka. Huulegeza kwanza ule mkunjo wa pembeni uliolifunga bonde, kwa mapigo madogo, na mara nyingi sehemu kubwa ya bonde huinuka yenyewe, kwa kuwa haikuharibika, ilibanwa tu.

Baada ya hapo kazi ni ya mikono miwili. Wa kulia una nyundo ya uso mpana uliong'arishwa. Wa kushoto, upande wa ndani wa bati, una chuma cha kukingia, ambacho huweza kuwa kichwa cha nyundo kuukuu au kipande cha ekseli kilichosuguliwa mpaka kikapata mviringo unaofaa. Nyundo ikishuka juu ya chuma hicho hasa, bati lililo katikati hubanwa, hukondeka na kutanuka. Nyundo ikishuka pembeni mwake, juu ya nundu, huku chuma kikilisukuma bonde kutoka chini, nundu hushuka na bonde hupanda bila ya bati kutanuka. Tofauti baina ya mapigo haya mawili ni ya upana wa kidole, na hata mlio wake si mmoja: la kwanza hulia kikengele, la pili hutoa sauti nzito. Asiyeijua tofauti hii hupiga siku nzima, na jioni bati lake ni kubwa kuliko lilivyokuwa asubuhi. Limetanuka, halina pa kukaa, na likibonyezwa kwa kidole hudunda ndani na nje kama kifuniko cha debe.

Hapo ndipo chuma kinapomtia mtu adabu. Ubao wa chuo huvumilia kuoshwa mara elfu. Bati lina mpaka. Kila pigo hulifanya kuwa gumu zaidi, na lililokuwa gumu mno hupasuka. Kwa bati la chuma lililotanuka, fundi huchoma nukta moja, ndogo kama sarafu, mpaka iwe nyekundu, huigonga kidogo, kisha huipoza kwa kitambaa kibichi. Nukta hiyo husinyaa na kulivuta bati lililo jirani. Huenda kwenye nukta ya pili, mbali na ile ya kwanza, kisha ya tatu. Akizidisha, bati hujikunja upande mwingine na kazi huanza upya. Pale kutu ilipokwishakula, hakuna cha kunyoosha: hukatwa mpaka kwenye chuma kizima, kipande kipya kikafuliwa kwa umbo lile lile, kikashikizwa kwa nukta za kuchomelea zilizoachana, moja huku na moja kule, ili joto lisikusanyike mahali pamoja. Mwisho huja tupa pana, inayopitishwa juu ya uso wote. Panapong'aa ni nundu. Panapobaki peusi ni bonde. Tupa haina rafiki. Haiulizi mpigaji ni mwana wa nani wala aliishia darasa gani.

Dhidi ya masomo yote haya limesimama kopo la puti. Puti ya magari, lile rojo la plastiki linalochanganywa na dawa ya kugandisha, ilianza kutumika Marekani katika miaka ya 1950. Kabla yake mafundi wa huko na wa Ulaya walijazia mabonde madogo kwa risasi iliyoyeyushwa na kusawazishwa kwa kibao, kazi iliyotia sumu mwilini, na hakuna sababu ya kuitamani irudi. Puti ilikuja ikiwa msaidizi: safu nyembamba, ya milimita mbili au tatu, ya kufuta alama za nyundo zilizobaki baada ya bati kunyooshwa. Kwa kazi hiyo haina ubaya, na hakuna fundi mwenye akili atakayeipiga marufuku. Ubaya ulianza msaidizi alipopewa kiti cha bwana. Siku hizi bonde la kina cha vidole viwili huachwa lilivyo. Hukwaruzwa, likajazwa puti, likapigwa msasa, likapakwa rangi, na kabla ya magharibi mwenye gari huondoka akifurahi.

Furaha yake haifiki mbali. Puti na chuma havitanuki sawasawa juani. Gari la shamba hutikisika kutwa, na pale plastiki nene iliposhikana na bati jembamba, ufa huanza. Maji hupita katika ufa, na hewa ya visiwani ina chumvi. Puti yenyewe hunywa unyevu ikiachwa bila ya kufunikwa vyema. Chini yake kutu hula kwa raha, gizani, juu yake rangi ikimeremeta, hata siku moja kipande chote hubanduka kama plasta ya ukuta uliojengwa kwa mchanga wa pwani. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema uupake rangi.

Hata hivyo hasara ya bati ni ndogo kuliko hasara ya kijana. Mwanagenzi aliyekaa miaka mitatu katika gereji ya puti anajua kukoroga, kupaka na kusugua. Hajui kusikiliza nyundo. Hajui bati limetanuka wapi wala limebanwa na nini. Akipewa bati jipya atengeneze tangi, mfereji wa maji ya mvua au kifuniko cha mashine ya kukobolea mpunga, hana pa kuanzia. Miaka yake mitatu nayo imejazwa puti.

Wasomaji wa mashairi wataielewa habari hii upesi, maana wanayo puti yao. Mshororo ukipungua mizani mbili, mtungaji mvivu huchomeka neno lisilo na kazi, humwita ndugu yake katikati ya hoja pasipo haja, au huazima neno la kale asilolijua maana ili kina kitimie. Ukihesabu, mizani imetimia. Ukighani, panasikika patupu. Mtungaji aliyelelewa vyema huurudia mshororo mzima, kwa kuwa anajua kwamba upungufu wa mwisho wa mshororo mara nyingi umezaliwa mwanzoni mwake, na hapo ndipo huanza kulegeza. Fundi wa madigadi angemwelewa bila ya tafsiri. Ajabu ni kwamba washairi hao hao hujisifu kuwa huyafua maneno, hali wengi wao hawajawahi kuingia katika banda la mtu anayefua kweli. Wamechukua neno la mhunzi, wakamwachia moshi.

Lugha haikuwatuma kufanya hivyo. Fundi, kufunda, funzo, mwanafunzi, kufundisha: maneno haya yana shina moja. Kiswahili kilimwona mwenye kuijua kazi na mwenye kuirithisha kuwa watu wa nyumba moja. Dharau ya kazi ya mikono ni ya zamani, ya enzi za waungwana na watumwa, na ofisi za kikoloni zikaizidisha kwa kumpa mshahara mwenye kalamu na kumwita mwenye nyundo kibarua. Katika jambo hili lugha ilikuwa na adabu kuliko wasemaji wake.

Wapo wanaoshikilia kwamba kazi hii ni ya nguvu tu, haina elimu ndani yake. Hao wapelekwe mbele ya Land Rover kuukuu. Gari hilo lilioneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948, Uingereza ikiwa bado na uhaba wa chuma baada ya vita, na kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya bodi yake ilitengenezwa kwa aloi ya alumini juu ya chesisi ya chuma. Magari ya ukoo huo yaliendelea kutoka kiwandani, kwa mabadiliko mengi, hadi mwaka 2016, na hakuna barabara ya vumbi Afrika Mashariki isiyoyajua. Madigadi yake ikibonyea, aliyezoea chuma huumbuka. Chuma kikipashwa moto huonesha rangi: manjano, buluu, nyekundu iliyofifia, nyekundu iliyokolea. Alumini haioneshi kitu. Alumini safi huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, na aloi zake kabla ya hapo. Nayo hufika huko bila ya kubadili sura, kisha hudondoka ghafla mbele ya mwenye moto. Mafundi wakatafuta hila. Hulisugua bati kwa kipande cha sabuni ya kawaida na kulipasha taratibu. Sabuni ikigeuka hudhurungi iliyokoza, bati limelainika na moto huondolewa. Tena, pale alumini inapogusana na chuma na unyevu wa chumvi ukawa kati yao, alumini huliwa na kuacha unga mweupe. Kwa hiyo fundi wa visiwani hana budi kutenganisha viwili hivyo kwa rangi au kwa mpira kwenye kila boliti. Hii ni kemia, ijapokuwa aliyeijua hakuisomea maabara.

Wapo wengine wanaosema kwamba uhunzi si jambo la Pwani, kwamba Mswahili ni mtu wa mbao, matumbawe na hariri. Wasome historia. Idrisi, mwanajiografia wa karne ya 12, aliwataja watu wa Malindi kuwa wachimbaji na wauzaji wa chuma. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta mabaki ya kuyeyushia na kufulia chuma katika miji kadhaa ya kale ya Waswahili. Siwa ya shaba ya Lamu imehifadhiwa katika makumbusho ya mji huo, na wageni huizunguka kwa heshima. Jumba la Maajabu la Unguja, lililojengwa mwaka 1883, lilizungukwa na roshani zilizosimama juu ya nguzo za chuma. Ina maana kwamba chuma kinaheshimiwa sana kikiwa kimekufa, kimewekwa nyuma ya kioo au kimepewa kibao cha maelezo. Kikiwa hai, mkononi mwa mtu mwenye mikono myeusi, huitwa uchafu wa mtaa.

Madhara ya mtazamo huu si ya maneno. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Jumba la Maajabu ilianguka. Mji Mkongwe wa Zanzibar umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu tangu 2001. Miji hiyo imejaa chuma na bati: nguzo, vyuma vya roshani, makomeo, mapaa, mifereji. Nani atakayevitengeneza? Wachongaji mlango hawawezi. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 juu ya urithi usioshikika, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2011, unautaja ufundi wa jadi miongoni mwa nyanja zake, na unaweka uzito katika kurithisha ujuzi zaidi kuliko kuhifadhi kitu. Ujuzi wa bati unarithishwa gereji, kutoka mkono hadi mkono, bila ya kitabu. Kama huo si urithi usioshikika, neno hilo litafutiwe maana nyingine. Mkono uliojifunza juu ya madigadi ndio utakaoitwa kesho kwenye paa la Mji Mkongwe, na kama ulijifunza kukoroga puti, paa litapata puti.

Wafanyabiashara wana hoja yao, na ni haki isikilizwe. Madigadi iliyotumika huweza kuagizwa pamoja na magari ya mtumba kutoka Japani au Dubai, na pengine bei yake ikawa nafuu kuliko siku tatu za fundi. Kwa gari la karibuni, ambalo wenzake wamejaa mitaani, hoja hii ina nguvu. Bati la magari ya siku hizi ni jembamba, na baadhi ya vyuma vyake vimepewa ugumu ambao moto huuharibu. Huko kubadilisha ndiko sawa, na fundi mkweli atasema hivyo. Lakini gari kuukuu lina hesabu nyingine. Lori lililobeba watu na mihogo tangu enzi za wazee, lenye bodi ya mbao iliyojengwa hapa hapa, halina kontena linalolisubiri. Na hata madigadi yake ingepatikana, mnunuzi angekuwa amelipia bati peke yake. Anayemlipa fundi anyooshe, hulipia bati na kijana anayetazama kando yake.

Wizara nazo zina jawabu lao: vyuo. Elimu ya amali imepewa uzito mpya. Katika Tanzania Bara, Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeupa mkondo wa amali nafasi katika sekondari, na VETA ina utaratibu wa kuutambua ujuzi wa waliojifunzia mitaani. Haya ni mema na hayana budi kuungwa mkono. Lakini cheti hakilijui bonde. Bati jipya la mazoezi humfundisha kijana kupima, kukata na kuunga. Bati lililogongwa humfundisha kuuliza: limefikaje hapa, na litarudi kwa njia ipi? Chuo chochote cha amali kinachotaka kufundisha uhunzi kwa dhati kingefanya vyema kukusanya madigadi mbovu na kuzitundika ukutani, kila mwanafunzi akabidhiwe moja, na asipewe kopo la puti mpaka mwalimu aliguse bati kwa macho yaliyofumbwa na kuridhika.

Wala mafundi wenyewe hawatoki katika lawama hii wakiwa safi. Wapo wanaoificha kazi. Mwanagenzi hutumwa chai, hufagia, hushika taa, na somo likifika, bwana humpa mgongo ili asione mkono ulivyokwenda. Anaogopa kwamba kijana akijua atafungua gereji mtaa wa pili. Mwisho wake bwana huzeeka, mkono hutetemeka, na siri hufukiwa pamoja naye. Wapo pia wanaowafanyisha vijana kazi bila ya miwani mbele ya cheche, bila ya kitambaa puani mbele ya vumbi la msasa, na wanaowaacha wachomelee bati lililopakwa zinki ndani ya banda lisilo na upepo, hali moshi wake humtia mtu homa usiku huo huo. Ufundi unaodai heshima hauna budi kuwaheshimu kwanza walio chini yake. Mzazi anayemkataza mwanawe kwenda gereji kwa hofu ya macho yake na mapafu yake hakosei. Anakosea anayedhani kwamba hofu hiyo ni ya nyundo, ilhali ni ya uzembe.

Pamoja na hayo, uzembe wa gereji hauwapi ruhusa waungwana wa utamaduni kugeuza uso. Wao ndio wenye kalamu, wenye vikao, wenye matamasha na wenye kuandika orodha za mambo ya kuhifadhiwa. Wakati umefika orodha hizo ziandikwe upya. Katika maonesho ambamo mchongaji hupewa kivuli na mkeka atukuzwe kazi yake, mnyoosha bati apewe kivuli cha pili, madigadi iliyogongwa ikiwa mbele yake, na watu wasimame waone inavyorudi. Wakusanyaji wa misamiati wakaketi gerejini na daftari, maana huko kuna majina ya mapigo, ya mikunjo na ya milio ya chuma ambayo bado hayajaingia kamusini, na wazee wanaoyatamka hawatasubiri. Hiyo ni kazi ya watu wa maneno, na hakuna mwingine atakayeifanya kwa niaba yao.

Kwa mwenye gari ushauri ni mfupi. Asiende gereji siku ya kuchukua gari. Aende siku moja kabla, rangi ikiwa bado haijapakwa, akapige magoti kando ya gurudumu na kupitisha kiganja chake ndani ya madigadi, upande wa tope, ambako msasa haukufika. Akikuta huko uso umenyooka, wenye alama ndogo ndogo za chuma cha kukingia, na alipe bila ya kubishana, na amwulize fundi jina la kijana aliyemsaidia. Akikuta bonde bado liko pale pale lilipokuwa siku ya ajali, ajue kwamba anachotakiwa kulipia ni puti.